Usimjibu Daktari "Sijambo"

Chiwata, alasiri, kesho unasafiri

Mwanangu Zaituni,

Nilianza barua hii kwa kuandika "hujambo", kama tulivyofundishwa shuleni, kisha nikaikata. Najua ungenijibu nini. Ungejibu sijambo, baba, nami ningeridhika, na barua ingekwisha kabla haijaanza.

Uko ndani sasa hivi, mama yako anakusuka. Nawasikia mnavyozungumza ila maneno hayanifikii. Nimekaa kibarazani, karatasi nimeiweka juu ya sinia nililolipindua. Ningeweza kuingia nikakuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua: nikishaanza kusema, nasema mimi hadi mwisho. Karatasi unaweza kuikunja ukaiweka, ukairudia ukitaka. Isome ukiwa njiani, mkishapita Mingoyo, abiria wengine wakisinzia.

Habari za kitambulisho, karatasi ya rufaa, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi la chini, uvae blauzi yenye vifungo kwa mbele ili usipate taabu wakikubandika vile vinasio vya kupimia moyo kifuani, mama yako amekwisha kukuambia mpaka umechoka. Mimi siyarudii.

Nataka kukueleza siku ile ilivyokuwa kwa upande wangu. Tangu itokee hatujaizungumza. Tumezungumza safari, tumezungumza shangazi yako Rukia na nyumba yake ya Mbagala, tumezungumza kuku. Siku yenyewe tumeizunguka.

Nilikuwa shambani napalilia chini ya mikorosho. Simu ikaita, nikaona jina la mwalimu mkuu wenu. Akasema, "Baba Zaituni, shikamoo. Naomba ufike shuleni." Nikamwitikia marahaba, nikauliza kuna nini. Akasema, "Wewe njoo tu, mzee." Jembe nililiacha pale pale. Baiskeli nikaipanda kwa miguu ya matope.

Njiani sikuwaza lolote. Nilikuwa naangalia tairi la mbele.

Nilipofika nilikukuta umekaa kwenye benchi ofisini, kikombe cha maji mkononi, kanga ya mwalimu mwenzako begani. Walinieleza kwamba ulikuwa unafundisha darasa la tatu habari za mvua inavyopatikana. Wanasema kawaida yako ni kuigiza. Ulishasimama juu ya kiti ukawa jua, ulishazunguka darasani ukiwa wingu. Kwa hiyo ulipoanguka, watoto wakadhani sasa umekuwa mvua. Wakapiga makofi. Walipiga makofi mpaka mmoja wao alipoona huinuki.

Hiyo ya makofi sikuwahi kukuambia kwamba naijua. Mwalimu mkuu alinisimulia nje, karibu na bendera. Mimi nilimwambia, "Watoto ni watoto." Kisha nikaingia ndani, na yeye akaja nyuma yangu akakuuliza, "Zaituni, kabla hujaanguka ulisikia nini?"

Nikajibu mimi. Nikasema, "Leo hakunywa chai."

Hata sikujua kama ulikunywa chai au hukunywa. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri, wewe bado umelala.

Hospitalini Masasi nikafanya vile vile. Yule daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Akauliza umeanza lini kuumwa, nikajibu. Akauliza kama huwa unasikia kizunguzungu, nikajibu. Akauliza usingizi, nikasema unalala vizuri sana. Akaweka kalamu mezani, akasema, "Mzee, samahani, naomba nimsikie yeye mwenyewe." Akakugeukia. Na wewe, mwanangu, uliangalia vidole vyako ukasema, "Ni kama baba alivyosema."

Wakati ule niliona ni heshima. Niliona nimelea vizuri.

Akakushika kifundo cha mkono. Nilidhani ataachia upesi kama wanavyofanya siku zote, lakini alishika akakaa, macho kwenye saa ya ukutani, akahamisha vidole, akashika tena. Akakupeleka chumba cha pili mkafanya kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka ndefu. Alinionyesha ile mistari: mingine imesongamana, mingine imeachana, kama mbegu zilizofukiwa na mtu mlevi. Akasema, "Mapigo ya moyo wake hayaendi kwa mpangilio. Nitampa dawa za kuanzia, lakini lazima aonwe na daktari bingwa wa moyo. Hapa hatunaye."

Nikamuuliza, "Dozi yake siku ngapi?"

Akaniangalia. Akasema, "Hii siyo malaria, mzee."

Ganzi ilianzia hapo. Sijui neno jingine la kuiita. Unajua mkono unapoulalia usiku, ukiamka unauona ni wako, unaunyanyua kwa mkono mwingine, lakini hauko? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilimshukuru daktari. Nilikuuliza kama utakunywa soda. Tukapanda gari, tukarudi, nikamtania kondakta na akacheka.

Tulipofika nyumbani mama yako alitoka mbio, akakukumbatia, mkaingia ndani. Mimi nikaenda kutengeneza bawaba ya mlango wa choo. Bawaba ile ilikuwa imelegea tangu kiangazi kilichopita na hakuna aliyekuwa amelalamika. Nilipiga misumari. Nilipoinua kichwa nikakuona umesimama dirishani unaniangalia, na uso wako sikuweza kuusoma. Nikakuonyesha nyundo, kama mtu anayesema kazi inaendelea. Ukafunga pazia.

Nimekuwa nikifikiri juu ya pazia lile. Huenda ulidhani baba hajali. Au ulidhani baba ameona ni jambo dogo, basi ni dogo. Si hivyo wala si vile. Kwa kweli sikuwa nasikia chochote, na hadi leo hivi ninavyoandika sisikii. Nakula, chakula hakina ladha. Jirani yetu Mama Salima alikuja akalia hapa hapa kibarazani, nikambembeleza vizuri, kama vile aliyepatwa ni yeye.

Ninakuandikia hili kwa sababu linaweza kukupata na wewe, mbele ya daktari wa Dar. Usiogope. Si ujasiri, wala si upumbavu. Ni mwili umefunga mlango ili upate kusimama. Ila likikupata, ujue kwamba masikio nayo yanafungwa. Siku ile daktari wa Masasi alisema mambo mengi baada ya neno "bingwa", na mimi sikumbuki hata moja. Mama yako aliniuliza, "Kasema asile nini? Kasema asifanye kazi gani?" Kwa hiyo mwombe daktari akurudie. Mwambie shangazi aingie na wewe, akae pembeni asikilize. Asiseme, asikilize tu. Nimekwisha kumpigia simu kumweleza hivyo, na amenicheka sana, akaniuliza tangu lini nimeanza kuwafundisha watu kunyamaza.

Sasa nije kwenye jioni ile ulipokataa niende na wewe.

Nilikuwa nimekwisha kumwambia Rukia kwamba tunakuja wawili. Nilikuwa nimetia hata shati langu la Idi kwenye begi. Tukawa tunakula, ugali na kisamvu, na wewe ukanawa mkono kabla hujashiba ukasema, "Baba, naomba niende mwenyewe. Shangazi atanipokea."

Nikasema, "Utamwambia nini daktari?"

"Nitamwambia ninachosikia."

"Unasikia nini?"

Mama yako akaacha kutafuna. Kisha ukasema, taratibu, bila hasira, "Nikikuambia, utanijibu."

Sikuelewa papo hapo. Niliona ni neno la utovu wa adabu, nikataka kulijibu. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Ndipo nikasikia ulichosema.

Nikaenda kulitoa shati kwenye begi.

Zaituni, sikuzaliwa msemaji. Wa Kitangari ambao walinijua nikiwa kijana watakuambia nilikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Nikueleze ilivyokuwa, na si kwa kujitetea. Daktari wa moyo atakuuliza kama kuna mtu kwenu aliyekuwa na matatizo ya namna hii. Hilo swali huwezi kulijibu bila mimi, kwa sababu aliyetangulia ni bibi yako, mama yangu, na alikufa kabla hujazaliwa.

Unajua mimi huku Chiwata nilikuja kwa kuoa. Nyumbani ni juu, Kitangari. Wakati huo maji yalikuwa bondeni. Wanawake walishuka alfajiri na kupanda jua likiwa limeshika, ndoo kichwani, wamefuatana. Mama alikuwa mmoja wa waliotangulia siku zote, mwenye mwendo. Kisha akaanza kuwa wa katikati. Kisha akawa wa mwisho. Siku moja nikiwa natoka Newala nilimkuta amekaa kwenye mteremko, ndoo chini, mdomo wazi. Nikamwuliza, "Mama, vipi?" Akasema, "Nawasubiri wenzangu."

Wenzake walikuwa wamekwisha kupita zamani. Nilikutana nao juu.

Miguu ilikuwa inamvimba jioni. Alilala akiwa ameegemea ukuta. Nilimshika nikampeleka hospitali, na alikubali kwa sababu nilimsumbua sana. Alivaa kanga mpya. Tukaingia kwa daktari, mtu wa mbali, hakuwa na Chimakonde. Na mama yangu Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Aliweza kusalimiana na mtu mpaka mkachoka, aliweza kupatana bei ya chumvi, lakini hakuwa na Kiswahili cha maumivu. Maneno ya maumivu alikuwa nayo yote kwa Chimakonde.

Daktari akamwuliza, "Unajisikiaje, mama?"

Mama akasema, "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Na wewe hujambo?"

"Mimi sijambo. Unachoka?"

"Kuchoka, kila mtu anachoka."

"Miguu inavimba?"

Mama akaificha chini ya kiti. "Baridi tu," akasema.

Alikuwa anampokea yule daktari, kama angemkaribisha nyumbani kwetu. Mgeni akikuuliza hali, humtwishi mzigo wako. Daktari akaandika. Nami nilikuwa nimekaa pembeni, kijana mzima, najua anavyolala, najua ya mteremkoni, nikainamisha kichwa. Nilifundishwa kwamba mama akisema, mtoto hasemi juu yake. Tukatoka na vidonge vya kuongeza damu. Mama alitembea kwa furaha. Njiani aliniambia, kwa Chimakonde, kwamba daktari yule ana tabia nzuri.

Mvua zilizofuata hazikumkuta. Alikufa mchana, amekaa mkekani, anamenya mihogo. Dada yangu Rukia alikuwa anamsemesha kutoka jikoni, akaona hajibiwi.

Nikaamua kwamba mgonjwa wangu mwingine yeyote sitamwacha ajibu mwenyewe. Na sikumwacha. Mama yako alipokuwa anajifungua wewe, mkunga alimwuliza uchungu umeanza lini, nikajibu kutoka mlangoni, "Alfajiri." Akauliza unakuja karibu karibu au unaachia, nikajibu, "Karibu karibu." Yule mkunga akanigeukia akasema, "Baba, unazaa wewe au anazaa mkeo?" Wakanitoa nje. Mama yako anapenda kusimulia habari hiyo, na nyote mnacheka, nami hucheka. Lakini sikuacha. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakujibia kwa mwalimu, dukani, kwa wageni. Mtu akikuuliza unaitwa nani, jina lilitoka kwangu.

Nilidhani nakulinda na kile kilichompata bibi yako. Sasa naona nilikufikisha pale pale alipofika yeye kwa njia nyingine. Yeye alificha miguu chini ya kiti, wewe ukasema ni kama baba alivyosema. Daktari aliondoka mikono mitupu mara zote mbili.

Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za ukoo, mweleze bibi. Usiseme alikuwa na ugonjwa wa moyo, maana hakuna aliyempima. Sema kilichoonekana: pumzi iliisha kidogo kidogo, miguu ilivimba jioni, alilala akiegemea ukuta, alikufa ghafla akiwa amekaa. Yeye atajua la kufanya na maneno hayo. Usiongeze, wala usipunguze kwa kumwonea bibi haya.

Na ukiingia, msalimie. Akiwa mtu mzima mwamkie, shikamoo, kama ulivyolelewa. Akikuambia hujambo, mwitikie sijambo, hiyo ni salamu na haina ubaya. Lakini baada ya hapo, atakapokuuliza unajisikiaje, salamu imekwisha. Hapo yeye si mgeni tena. Usimwambie sijambo. Usimwambie namshukuru Mungu, Mungu anajua kwamba unamshukuru. Akianza kukuchanganyia Kiingereza, mwambie, "Daktari, naomba tuzungumze Kiswahili." Hiyo siyo aibu. Wewe ni mwalimu, unajua tofauti ya mtoto aliyeelewa na mtoto anayeitikia kwa kichwa.

Nilichokuwa nimekusudia kuandika kilikuwa kinaishia hapa. Lakini leo mchana limetokea jambo, na lazima ulijue kwamba nimelisikia, nisije nikaonekana nilitega sikio.

Nilikuwa nyuma ya jiko, nachonga mpini. Ninyi mlikuwa ndani. Mama yako akasema, "Haya, mimi ndiye daktari. Toka, bisha hodi uingie." Nikasikia unacheka. Ukatoka, ukabisha. Akasema, "Karibu. Kaa hapo. Nani jina lako?" Akaibadilisha na sauti, akawa anatoa maneno puani kama watu wa ofisini. "Haya, binti. Unajisikiaje?"

Ukasema, "Sijambo, daktari."

Kisha mama yako akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Toka nje uingie tena."

Mkacheka wote wawili, mlicheka mpaka mkakohoa. Nami huku nyuma nikatabasamu, ingawa sijui kama mtu aliyekufa ganzi anahesabiwa kuwa ametabasamu. Ukatoka, ukabisha hodi mara ya pili. Akakuuliza tena. Na safari hii hukucheka.

Ulisema inakuanza zaidi ukilalia ubavu wa kushoto. Ulisema unausikia moyo kama kuku aliyefungiwa kwenye tenga, anapapatika, kisha ananyamaza, na wewe unakaa kusubiri. "Kupapatika nimekwisha kuzoea," ulisema. "Ninachoogopa ni pale unaponyamaza, nangoja upige tena." Ulisema usiku unaegemeza mto ukutani, unakaa hivyo hadi usingizi ukuchukue wenyewe. Ulisema darasani haikuwa mara ya kwanza. Uliwahi kuanguka ukiwa kidato cha tano, kwenye foleni ya chakula, ukamwambia matroni ni jua.

Mama yako akasahau kwamba ni daktari. Akasema, "Mbona hukutuambia?"

Ukasema, "Baba angesema ni njaa."

Mpini nilikuwa nimeukamata kwa mkono mmoja, panga kwa mkono mwingine. Nilikuwa nimechonga bila kuangalia, umekuwa mwembamba katikati, haufai tena kwa jembe. Nilitaka kuja mlangoni. Nilitaka kusema, hapana, nisingesema njaa. Lakini ningesema, Zaituni. Ningesema kabla hujamaliza sentensi. Nikabaki pale pale nilipokuwa.

Kisha ukamwuliza mama yako, na sijui kama ulikuwa unaendelea na mchezo, "Daktari, nitaweza kuzaa?"

Nilisikia kuni inapasuka motoni. Akasema, "Hilo, mwanangu, kamuulize anayejua. Lakini uliulize. Usirudi nalo."

Hayo ndiyo niliyoyasikia. Sitakuuliza lolote kati ya hayo, na hutakiwi kunieleza. Nakuandikia tu kwamba maneno uliyomwambia mama yako ndiyo hayo hayo ukamwambie daktari, hata la kuku, hata la foleni, hata la baba na njaa likihitajika. Hakuna binadamu mwingine anayeweza kumpa maneno hayo. Mimi nimekaa na wewe nyumba moja miaka yote hii na sikuwa nayo.

Jambo moja la mwisho kuhusu ganzi, kwa sababu sitaki uende ukidhani baba yako amekauka. Mama yangu alipokufa nilimzika kwa macho makavu. Nilichimba, nilipokea watu, niligawa chakula. Watu walinisifu kwa subira. Ilipita miezi mingi. Siku moja nilikuwa napita njia ile ya bondeni, nikamkuta mama mmoja nisiyemjua amekaa kando, ndoo yake chini, anapumzika tu, mzima wa afya. Nikamsalimia, akaitikia. Nikapiga hatua chache nikakaa chini, katikati ya njia, nikalia hadi yule mama akaja kuniuliza nimeumwa na nyoka. Kwa hiyo najua itakuja. Inaweza ikanikuta wewe ukiwa huko, nikiwa sokoni au msikitini, nikaaibika mbele ya watu. Ukisikia kwamba baba yako amelia mbele ya muuza dagaa, usikatishe kliniki ukarudi mbio. Ujue tu mkono umeamka.

Nawe machozi yakikujia siku usiyoyategemea, jikoni kwa shangazi, au wiki mbili baada ya majibu mazuri, yaache yaje. Usiyajibu.

Wanafunzi wako wa darasa la tatu wameuliza kwa mwalimu mkuu kama utarudi. Aliwaambia atawapa jibu utakapojua wewe. Nilipenda alivyowajibu.

Wamemaliza kukusuka, naona. Mama yako anaimba, maana yake amepata njia za nywele zilizonyooka. Nikunje barua nimpe yeye aitie kwenye mkoba wako, chini ya dawa.

Kesho asubuhi nitakusindikiza stendi ya Masasi. Begi nitalibeba mimi, hilo usiniambie niache. Nitakutafutia siti ya dirishani upande usio na jua. Kondakta atakuja na kitabu chake cha tiketi, atatuangalia sisi wawili, mimi mzee na wewe binti, na kama walivyo wote atamwuliza mzee: huyu anaitwa nani, anashukia wapi?

Nitanyamaza, mwanangu. Akirudia swali, nitanyamaza. Utajibu wewe.

Baba yako